Orpha Aliyefuta Kichekesho

Orpha Stuckey huandaa meza na sahani zikiwa kifudifudi. Ukialikwa kwake chakula cha Jumapili, utakuta sahani zimegeuzwa, vikombe vimeinamishwa, na huruhusiwi kugusa chako mpaka nyama itoke jikoni. Alikulia magharibi ya Kansas, miaka ile ya vumbi. Mama yake alikuwa akitundika vitambaa vibichi madirishani na kuziba chini ya mlango, na bado vumbi lilipita likaingia kwenye maziwa, kwenye nywele, katikati ya kurasa za Biblia. Aliyegeuza sahani mapema alikula mchanga. Hapa Los Angeles vumbi lile halipo, ila Orpha hajawahi kulisadiki hilo.

Binti yangu Lorene alimtania siku moja. "Bi Orpha, tugeuze tu sahani. Hapa kuna moshi wa magari, vumbi hakuna."

"Moshi ni vumbi lililohamia mjini," Orpha akasema, akaendelea kukata nyama.

Alisema hivyo kama mtu anayekutajia leo ni siku gani. Sisi tulicheka mpaka Lorene akapaliwa na maji, na Orpha akatutazama kwa zamu kuona tumepatwa na nini. Ndivyo alivyo. Naandika habari zake kwa sababu watu wengi katika nchi hii wamechekeshwa na sauti yake, na hawajui ni ya nani. Yeye hatawaambia.

Tulifanya kazi pamoja kwenye studio ya katuni ya Bwana Gorsuch, ile iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Ilikuwa na majengo mawili na ua katikati. Upande mmoja wanaume walibuni hadithi na kuchora kwa penseli. Upande wa pili tulikuwa sisi wanawake. Wasichana wa wino, Lorene akiwa mmoja wao, walinakili michoro juu ya karatasi angavu, zile unazoona upande wa pili kama kioo. Wasichana wa rangi walipaka kwa nyuma. Kisha karatasi zilipita mikononi mwa Orpha, mkaguzi, kabla ya kwenda kupigwa picha moja moja. Zikimaliza kazi ziliteremshwa kwangu kwenye masinki, nikazisugua kwa maji moto na sabuni mpaka zikawa tupu, zipate kutumika tena. Nimewaosha sungura, majambazi, treni nzima na mabehewa yake. Wote walipita kwenye tundu moja la sinki.

Mimi nilichukua kazi ile ya kuosha ili niwe karibu na Lorene. Sifichi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kule ng'ambo ya ua kulijaa wanaume wasio na la kufanya ila kubuni vichekesho. Kutoka kwenye sinki langu niliuona ua wote.

Orpha alikaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha la kaskazini. Alivaa glavu nyeupe za pamba, akashika kila karatasi kwenye kingo, akainyanyua juu ya mwanga. Alitafuta unywele, punje ya vumbi, rangi iliyovuka mstari, kitufe kilichosahauliwa. Na kuliko vyote alitafuta alama za vidole. Alama ndogo ya kidole kwenye karatasi, ikikuzwa kwenye ukuta wa sinema, inakuwa kubwa kama gurudumu la trekta. Orpha hakuwa anapiga kelele. Aliinua tu karatasi na kuuliza, "Hiki cha nani?" na wasichana wote walificha mikono. Wanaume walimwita Bi Sabuni. Alilijua jina hilo na hakuona ubaya wake, maana sabuni kwake ni kitu kizuri.

Jambo moja lazima nilieleze. Katika studio ile vichekesho havikuvuka ua. Wanaume walikuwa na chumba chao, walibandika michoro ukutani na kucheka humo siku nzima, sisi tukisikia vicheko tu kupitia dirishani. Kwetu kilifika kipande. Leo mguu wa bata, kesho chozi lake, keshokutwa ngazi. Mtu akikuletea machozi mia mbili ya bata, utajuaje kama bata huyo anachekesha? Lorene alikuwa akinakili kazi ya mwezi mzima bila kujua hadithi inahusu nini. Hakuna aliyetukataza kuuliza. Ni kwamba haikuwa desturi.

Na Orpha hata akienda sinema haoni hadithi. Nilikwenda naye siku moja kutazama katuni yetu wenyewe, watoto wote wanagaagaa kwa kicheko, yeye amekunja uso. Tulipotoka nikamwuliza, "Umeionaje?"

"Kitufe cha tatu kilipotea kwenye daraja," akasema. "Kikarudi mtoni. Bwana Gorsuch hakukiona, lakini mimi nimekiona."

Basi mwaka ule, wa pili baada ya vita, mwongozaji mmoja aitwaye Lowell Dinsmore akawa anatengeneza katuni ya bata bukini jina lake Drusilla. Dinsmore alikuwa mwembamba, sweta lake limetoboka viwiko, mpole kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo nilimwangalia zaidi. Alipenda kwenda kutazama zile picha za sinema za kutoa machozi, ambamo mwanamke mzuri anateremka ngazi ndefu, kavaa shali, anakohoa kidogo kwenye leso, na violini zinalia kumshinda. Mimi nazipenda picha hizo. Naanza kulia wakati majina bado yanapita. Dinsmore yeye alizitazama kwa makini, kisha akarudi studio kuzifanyia dhihaka.

Kwa hiyo Drusilla alikuwa bata bukini wa kwenye picha ya kulia. Alikuwa na shali, kikohozi na ngazi. Ila alijua kwamba yumo kwenye katuni, na ndipo ucheshi ulipokuwa. Alipoteremka ngazi akapita chombo cha maua, akapita tena chombo kile kile, na mara ya tatu akasimama akawageukia watazamaji: "Msishangae. Wametuchorea ngazi moja tu." Violini zilipozidi aliinama akatazama chini ya picha na kuomba wapunguze. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule niliosha ngazi tu.

Katikati ya kilio chake kikubwa, Dinsmore alitaka kitu kimoja zaidi. Alama kubwa, chafu, ya dole gumba itokee juu ya picha, karibu na uso wa Drusilla, kana kwamba mfanyakazi mzembe amegusa karatasi. Drusilla aache kulia, aitazame, aulize, "Nani ameniachia alama ya kidole usoni?" Kisha aifute kwa leso, aitazame leso, atikise kichwa kwa kuridhika, arudi kulia.

Alama hiyo walijaribu kuichora kwa penseli, ikaonekana imechorwa. Dinsmore akataka dole gumba la kweli. Jumamosi moja, saa ya chakula cha mchana, wasichana wakiwa nje wanakula mikate yao ya mayai chini ya ule mti mkubwa wa uani, nilimwona anatoka peke yake kwenye chumba cha wino. Alikwenda kwenye bomba la uani akaanza kusugua dole gumba lake. Lilikuwa jeusi mpaka kwenye fundo.

Nikatazama chini ya mti, Lorene yuko pale, anacheka na wenzake. Hata hivyo jioni nilimhoji.

"Yule Dinsmore anatafuta nini mezani kwako?"

"Mama, hata sijui kama ana meno. Hajawahi kunisemesha."

"Ana dole jeusi."

"Basi mama, mwite polisi."

Jumatatu asubuhi Orpha alikuta fungu la karatasi za Drusilla mezani kwake, na kila moja ina alama ya dole gumba, kubwa, nyeusi, shavuni. Hajawahi kukutana na uchafu wa namna ile. Aliniambia baadaye kwamba aliona kiza, akafikiri kuna msichana aliyeharibikiwa na akili. Hakutaka msichana yeyote apoteze kazi kwa jambo lile, kwa hiyo safari hii hakuuliza ni la nani. Alichukua pamba na mate kidogo, maana mate ndiyo yanayotoa wino wa juu juu, akafuta. Alifuta asubuhi nzima mpaka karatasi zote zikang'aa, akazipeleka kwenye kamera bila kumwambia mtu. Zikapigwa picha. Zikaja kwangu. Nikaziosha, na Drusilla wa siku ile akaenda na maji.

Jumatatu iliyofuata wanaume wakaitazama katuni nzima kwenye chumba chao chenye giza. Sisi tulingoja vicheko kama kawaida. Vilikuja, vikaja, kisha pakawa kimya. Halafu mlango ukafunguliwa na Bwana Gorsuch mwenyewe akavuka ua. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi, na kuvuka kwake kulikuwa habari kubwa. Dinsmore alimfuata nyuma mbio mbio.

"Nani amefuta alama?" Bwana Gorsuch akauliza.

Wasichana wakaficha mikono.

"Mimi," Orpha akasema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

Bwana Gorsuch akatweta. "Mama wee, ule ndio ulikuwa ucheshi wenyewe. Sasa nina bata anayeacha kulia, anauliza nani kamgusa, na hakuna kitu. Anapangusa hewa. Watu watadhani mashine imeharibika."

"Hakuna aliyemwambia, bosi," Dinsmore akasema. "Nilizigonga mwenyewe Jumamosi. Sikumwambia mtu."

"Ana dole jeusi," nikasema kutoka kwenye sinki. Sikukusudia kusema. Lorene alifunika uso kwa mikono.

"Basi zileteni zile karatasi, agonge tena," Bwana Gorsuch akasema.

Wote wakanigeukia. Niliinua mikono yangu yenye povu, na hapakuwa na haja ya maneno.

Bwana Gorsuch akaketi kwenye ngazi ya mlangoni kama mtu aliyechoka safari. Alhamisi katuni ingeonyeshwa mbele ya watu kule Glendale, kabla ya picha kubwa, na mwenye majumba ya sinema angekuwepo kuamua kama anataka Drusilla wengine au la. Muda wa kuchora upya haukuwepo. Kukata kipande hicho kungeharibu muziki uliokwisha kurekodiwa. Mwishowe akainuka na kusema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Bi Orpha, wewe umekaa hapa tangu tulipofungua. Lakini mkaguzi asiyejua nini ni uchafu na nini si uchafu, nitamfanya nini? Alhamisi watu wakicheka, tutasahau. Wasipocheka, Ijumaa nitatafuta mwingine."

Orpha akasema, "Ndiyo, bwana," akavaa glavu zake, akachukua karatasi iliyofuata.

Nilijua kiti kile ni nini kwake. Shamba lao lilipeperuka. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kaskazini na hakuandika tena. Orpha akaja California na sanduku moja, akafua nguo za watu, akafuta meza za watu, mpaka siku alipopata mahali ambapo jicho lake, lile lililozoea kuona vumbi, lilitakiwa. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Mchana ule alikula mkate wake kwa kuuchungulia, kama anayeutafutia kosa.

Jumanne Dinsmore akaja mlangoni, kofia mkononi. "Bi Orpha, tafadhali njoo utazame na wewe. Tunatafuta la kufanya, na vichwa vyetu vimekauka."

Orpha akanishika kiwiko. "Twende wote, Mama Lorene." Nisingemwacha aende peke yake hata asingeniomba.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia mle. Chumba kimejaa moshi wa sigara, viti vya kukunja, wanaume wamejiegemeza. "Bi Sabuni kaja," mmoja akasema. "Ficheni masikio, asije akayasugua." Wengine wakaguna. Dinsmore akamkanya. Orpha akafuta kiti kwa leso, akakaa mbele, mgongo umenyooka.

Taa zikazimwa. Drusilla akateremka ngazi. Niseme ukweli, nilianza kucheka kwenye chombo cha maua cha pili. Karatasi nilizozisugua sikujua zinaweza kufanya hivyo. Kisha violini, kisha machozi. Drusilla akaacha kulia, akatutazama moja kwa moja.

"Nani ameniachia alama ya kidole usoni?"

Hakuna kitu usoni pake. Mtu mmoja akasonya.

Na Orpha, gizani, kwa sauti ile ile ya kutaja siku, akamjibu bata: "Samahani. Nimeshaifuta."

Kwenye ukuta Drusilla akapangusa shavu kwa leso. Akaitazama leso, safi kabisa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kulia.

Dinsmore ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akateleza kutoka kwenye kiti. Halafu wote. Yule aliyesema habari za masikio alikuwa anapiga goti lake kwa ngumi. Mtu akapiga kelele, "Rudisheni nyuma, rudisheni nyuma."

Orpha akasimama. Aliona wanamcheka yeye. Uso wake ulikuwa umeiva. Akatoka, na mimi nyuma yake, na nikamwambia yule wa masikio kwamba mama yake angemwonea aibu. Dinsmore akatukimbilia, akatupata katikati ya ua.

"Bi Orpha, nakuomba. Sema tena vile."

"Nimeshaomba radhi, bwana Dinsmore. Mara ngapi?"

"Si radhi. Ndicho kichekesho chenyewe. Kizuri kuliko changu." Alikuwa ameshika sweta lake kama mtu anayeogopa litakimbia. "Bata anauliza ni nani, na mkaguzi anamjibu. Mkaguzi ameshafuta. Ndiyo maana hakuna kitu. Inaingia sawasawa, hata kile kichwa anachotikisa. Unaelewa?"

Orpha akafikiri. "Lakini ndivyo ilivyokuwa kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Na hilo linachekesha?"

"Sana."

Orpha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Shoga, mimi karibu nijikojolee." Hilo alilisadiki, kwa kuwa ananijua sisemi ovyo.

Jumatano tukaenda chumba cha sauti. Mwenye chumba alikuwa Emmett Kress, mtu wa kunung'unika, aliyejitengenezea kijumba cha kioo katikati ya mashine zake na kukilinda kama bustani. Wakamsimamisha Orpha mbele ya maikrofoni, wakamwonyesha Drusilla ukutani, bata akauliza, na Orpha akasema, "SA-MA-HA-NI. NI-ME-SHA-I-FU-TA," kama mtoto anayesoma shairi kanisani siku ya Krismasi.

Wakarudia. Akazidi kuwa mbaya. Dinsmore akamsihi asahau maikrofoni, na kuanzia hapo hakukumbuka kitu kingine. Akaweka mkono kifuani. Akajaribu kulia kidogo, akiona bata analia. Lorene alikuwa amekuja kwa kisingizio cha kuleta kahawa, akaninong'oneza, "Mama, amekuwa mwigizaji."

"Nyamaza. Mungu atusaidie."

Dinsmore akakaa sakafuni. Akasema labda amlete mwigizaji wa kike kutoka mjini, aige. Nilimwona Orpha anakunja glavu zake. Alijua maana yake. Akiigwa na mtu mwingine, kosa linabaki lake na kicheko kinakuwa cha mwingine. Akasimama pale karibu na kijumba cha Kress akingoja aambiwe aende, macho yake yakatua kwenye kioo, na mkono wake ukafanya kile unachofanya siku zote. Akapuliza pumzi, akasugua kwa ncha ya glavu.

Kress alikuwa amempa kisogo, ameinamia mashine zake. Akageuka, akaona ukungu wa pumzi kwenye kioo, akadhani ni alama.

"Na huyu nani tena ameniachia alama ya kidole kwenye kioo changu?"

"Samahani," Orpha akasema. "Nimeshaifuta."

Kress akatazama kioo, kikang'aa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye mashine zake, kama bata yule yule. Kisha akasimama ghafla na kutazama taa nyekundu ya kurekodi.

"Haijazimwa," akasema. "Mashine inazunguka bado."

Hakuna aliyethubutu kupumua mpaka alipoizima.

Alhamisi tulipanda tramu kwenda Glendale, mimi, Lorene na Orpha, tumevaa kofia zetu za kanisani. Sinema imejaa, familia na wanajeshi waliorudi na wasichana wao, harufu ya bisi kila mahali. Bwana Gorsuch alikaa viti vya mbele karibu na mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye nilidhani ndiye mwenye majumba ya sinema. Mimi sikutazama ukuta. Nilitazama kisogo cha yule mzee.

Walicheka kwenye ngazi. Walicheka kwenye violini. Mzee hakutikisika. Kisha Drusilla akauliza swali lake, na pale pale, kutoka mahali pasipojulikana, ikaja sauti ya mwanamke wa Kansas asiye na mchezo: "Samahani. Nimeshaifuta."

Nadhani kilichowamaliza ni kwamba watu wote wana mama au shangazi mwenye sauti ile. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Fimbo ya yule mzee ilianguka. Nikaisikia inabingirika chini ya viti. Bwana Gorsuch akainama kuitafuta, na alipoinuka alikuwa anafuta macho.

Nikamgeukia Orpha. Alikuwa amekunja uso.

"Nini tena?" nikamnong'oneza.

"Chombo cha maua," akasema. "Mara ya pili kina jani moja zaidi." Akanigeukia. "Au labda ni la makusudi?"

Ijumaa Bwana Gorsuch alivuka ua tena, pumzi zikimkata, akasimama mbele ya kiti cha dirisha la kaskazini. "Bi Orpha, yule mzee anataka Drusilla sita. Na anauliza kama yule mwanamke anayejibu atakuwemo." Orpha akasema hajui, yeye ana kazi. Bwana Gorsuch akasema ndiyo, anayo, wala hakuna mtu wa kumnyang'anya, akaondoka akicheka peke yake.

Wiki ile wanaume wakamfanyia lile wanalomfanyia mtu waliyemkubali. Walimchora. Ng'ambo ya ua kulikuwa na ukuta mzima wa michoro waliyochorana wenyewe kwa wenyewe, pua ndefu, masikio makubwa, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Dinsmore alituita tukaone. Orpha amechorwa na glavu kubwa kama mito, anasugua mwezi angani, mwezi unamkodolea macho. Chini kwenye kona ya karatasi kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi.

Orpha akautazama mchoro kwa muda mrefu. Mkono wake ukainuka na glavu, ukaelekea kwenye kona. Ukasimama hewani.

"Hii ni ya makusudi?" akauliza.

"Ya makusudi," Dinsmore akasema.

Akaushusha mkono. Akachukua penseli ya Dinsmore kutoka sikioni mwake, bila kuomba, akaongeza kitufe kilichokosekana kwenye mkono wa glavu ya kushoto.

Tangu hapo alikuwa akivuka ua. Akikuta kitu asichokielewa, unywele, doa, chozi lililokaa vibaya, alichukua karatasi kwenye kingo, akaenda kwenye kile chumba cha moshi, akafungua mlango bila kubisha. "Hii ni ya makusudi?" Mara nyingi haikuwa. Wanaume wakaanza kuambiana hivyo wao kwa wao, juu ya tai mbaya, juu ya kahawa ya Kress. Nasi, mimi na wasichana, tukaanza kumfuata mlangoni, mmoja mmoja, kutazama hadithi ilivyo ukutani, na hakuna aliyetufukuza. Lorene alibuni kichekesho chake cha kwanza akiwa amesimama pale na kikombe cha mtu mwingine mkononi. Dinsmore alikitumia. Nilimwangalia vizuri alipokuwa akimshukuru binti yangu, kutoka kwenye masharubu hadi kwenye vidole. Vilikuwa safi.

Studio ile imefungwa siku hizi, na kiwanda cha mikate kimechukua majengo yote mawili. Jumapili iliyopita tulikula kwa Orpha. Mjukuu wangu, mtoto wa Lorene, aligeuza sahani yake kabla nyama haijafika, na babake akamwambia airudishe haraka. Orpha alikuwa anatoka jikoni na bakuli. Akaitazama sahani ile, imetazama juu peke yake katikati ya zote. Akamtazama na mtoto.

"Hii ni ya makusudi?" akamwuliza.

Mtoto akasema ndiyo. Orpha akapuliza vumbi lisilokuwepo, akampakulia wa kwanza.